Kazi ya hospitalini uliyofanya ukiwa sekondari: uiweke wapi kwenye maombi ya udaktari Marekani

Kila mwaka ifikapo Mei, fomu ya AMCAS ya kuombea vyuo vya udaktari inapofunguliwa, vijana wetu walioko Marekani huja na swali lile lile: kazi niliyofanya hospitalini nikiwa sekondari niiandike au niiache? Kama iliishia sekondari, kwa kawaida haistahili kupewa nafasi yake peke yake. Kama uliendelea nayo chuoni, iandike, na tarehe ya kuanza iwe ya kweli hata kama wakati huo ulikuwa na miaka 16.

Hapo ndipo washauri wengi wanapoishia. Lakini wapo vijana wengi wa familia zetu ambao jibu hilo haliwatoshi: waliokesha kwenye nyumba za wazee kwa mshahara kabla hata ya mahafali, waliokuwa wakimtafsiria mama kila akienda kliniki, na waliokwenda likizo Mwanza au Bukavu wakaingizwa wodini na mjomba. Nimeuandika mwongozo huu nikiwafikiria hao zaidi.

Elewa kwanza kwa nini sekondari inaonekana mbali

Nyumbani Tanzania mtu anamaliza kidato cha sita na PCB yake (fizikia, kemia na baiolojia), anaomba chuo cha Muhimbili au Bugando, anasoma miaka mitano kisha anakwenda mwaka wa mafunzo kazini. Kenya anatoka kidato cha nne, KUCCPS inampangia chuo, anasoma miaka sita. Kote huko sekondari ndiyo mlango wenyewe wa udaktari, na kinachoamua ni alama. Ndiyo maana wazazi wetu wakiona fomu ya Marekani inauliza shughuli zako, wanasema mwandikie kila kitu, tangu darasa la kwanza.

Marekani njia ni nyingine. Unamaliza kwanza shahada ya miaka minne, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba chuo cha udaktari cha miaka minne mingine. Wengi hupumzika mwaka mmoja au miwili katikati, kwa hiyo wastani wa umri wa wanaoanza ni kama miaka 24. Anayesoma fomu yako anataka kujua jambo moja kubwa: ukiwa mtu mzima, bila kusukumwa na mwalimu wala mzazi, ulirudi kwa wagonjwa kwa hiari yako? Kazi ya ukiwa na miaka 16 pekee haiwezi kulijibu swali hilo. Inaweza tu kuonyesha ulianzia wapi.

Hatua ya 1: Jua fomu unayoijaza

AMCAS, inayotumiwa na vyuo vingi vinavyotoa shahada ya MD (ile ya kawaida ya udaktari), inakupa nafasi 15 za kazi na shughuli. Kila moja ina herufi 700, nafasi tupu zikihesabiwa. Kati ya hizo unachagua hadi tatu zilizokugusa zaidi, na hizo unaongezewa herufi 1,325 kila moja. Hakuna kifungu kinachokataza mambo ya sekondari. Ni desturi ya wasomaji inayoyaweka nyuma, na ni uchache wa nafasi.

Ukiomba vyuo vya umma vya Texas kupitia TMDSAS, swali limeshajibiwa: fomu ile inataka uliyoyafanya kuanzia ulipomaliza sekondari. AACOMAS, ya vyuo vinavyotoa shahada ya DO (udaktari wa osteopathia, nao ni udaktari kamili), ina maelekezo yake; yasome kabla ya kuandika lolote la sekondari.

Zipo njia ambazo kanuni hii hugeuka kabisa. Programu zinazokuchukua moja kwa moja kutoka sekondari, kama PLME ya Chuo Kikuu cha Brown, ile ya miaka sita ya UMKC kule Kansas City, au ya miaka saba ya chuo cha udaktari cha CUNY pale Harlem, hazina kingine cha kutazama zaidi ya sekondari. Huko andika kila kilichokuwa na uzito. Uingereza nako unaomba udaktari kupitia UCAS ukiwa bado shuleni, na kazi uliyofanya kwenye nyumba ya wazee ukiwa na miaka 17 ndiyo hasa wanayotaka kuisikia. Na kwa walioko Ontario, Kanada, fomu ya OMSAS imekuwa ikiomba mambo ya tangu umri wa miaka 16, kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa Ohio usiuhamishie Toronto.

Kuanzia hapa nazungumzia AMCAS.

Hatua ya 2: Chora mstari siku ya mahafali

Chukua karatasi. Andika kila ulichofanya penye wagonjwa: kujitolea, kazi ya mshahara, kumfuata daktari kazini ukitazama, kumuuguza ndugu nyumbani. Pembeni andika mwezi ulioanza na mwezi ulioacha. Kisha chora mstari kwenye siku ya mahafali ya sekondari. Likizo ile ndefu kati ya mahafali na chuo huhesabiwa upande wa chuo, kwa hiyo kilichofanyika hapo kiandike bila wasiwasi.

Utakuta makundi matatu: yaliyoishia juu ya mstari, yaliyouvuka, na yaliyoanza chini yake. Kundi la mwisho halina mjadala. Lililouvuka nalo linaingia, likiwa ingizo moja, usiligawe mawili ili kujaza nafasi. Kundi lililobaki juu ya mstari ndilo la kupima.

Hatua ya 3: Lipime lililobaki juu

Kila shughuli iulize hivi. Kulikuwa na mtu aliyekutegemea, au ulikuwa mgeni tu? Ukiifuta, kuna jambo lingine kwenye fomu litakalokosa maelezo? Na je, una la chuoni linaloweza kukaa mahali pake likasema jambo lile lile kwa nguvu zaidi?

Wiki mbili za kambi ya wanafunzi wanaopenda udaktari, ambako mlivaa makoti meupe mkapiga picha na mwanasesere wa kufundishia, zitaanguka kwenye swali la kwanza. Zifute. Kuketi mapokezini ukiwaelekeza wageni kwenye lifti, ukiwa darasa la 10, nako kwa kawaida kunaanguka. Anayekuambia ujaze nafasi zote 15 hakusaidii. Maingizo kumi yenye nyama yanasomeka vizuri kuliko kumi na tano yenye maji.

Hatua ya 4: Kama ulikuwa CNA, simama hapa kidogo

Vijana wengi wa Kikenya, Kitanzania na Kikongo huku huanza mapema kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, kwa sababu mama au shangazi anaifanya na anajua pa kuombea. Sheria ya taifa inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na katika hizo saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo mengine yanadai zaidi. California inataka 160. Majimbo mengi yanakubali mtu wa miaka 16, ndiyo maana unaweza kuwa na cheti kabla ya leseni ya gari.

Niseme wazi ninavyoona. Kazi hii, hata kama uliifanya mwaka mmoja tu ukiwa sekondari kisha ukaacha, nafasi ikiwepo iandike. Hapa sikubaliani na wanaosema kila cha sekondari kifutwe. Kijana aliyekuwa anamgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, aliyemfunga bibi mkanda kiunoni akamshika nyuma wakitembea hatua kumi hadi chooni, aliyeandika kikombe kwa kikombe mgonjwa alichokunywa na alichokojoa, huyo amewagusa wagonjwa kuliko wengi waliomfuata daktari wakiwa na daftari mkononi. Ilikuwa ajira yenye zamu na msimamizi, na mgonjwa aliumia usipokuja. Iweke kwenye aina ya ajira ya malipo ya kitabibu, siyo kujitolea.

Kama uliendelea nayo chuoni, hata kwa zamu za likizo tu, basi ni miongoni mwa maingizo yako yenye nguvu kuliko yote, na pengine ni mojawapo ya yale matatu yaliyokugusa zaidi.

Wapo wanaoificha kwa aibu. Wanaona wenzao wana maabara na makala za kisayansi, wao wana beseni na glavu. Mdogo wangu, usiifiche. Na kama uliifanya kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa haitoshi, au kwa sababu mshahara wako ulikuwa unamfikia bibi Kigoma kila mwisho wa mwezi, sentensi moja ya kusema hivyo inatosha na inastahili kuwepo. Msomaji ataelewa kwa nini saa zako za maabara ni chache.

Hatua ya 5: Ulipomtafsiria mama kwa daktari

Jambo hili liko karibu kwenye kila familia iliyofika huku kutoka kambi ya wakimbizi. Mtoto wa miaka 13 anajua Kiingereza kuliko wote, basi yeye ndiye anayekaa kati ya mama na daktari, anaulizwa mambo ya uzazi, ya damu, ya msongo wa mawazo, anatafuta maneno ambayo hata kwa Kiswahili hajawahi kuyasikia.

Usiyafanye masaa hayo kuwa uzoefu wa kitabibu. Yasiingie kwenye nafasi 15 kama kazi ya ukalimani. Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya 2010 zinakataza kituo kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa dharura wakati mkalimani anatafutwa. Ukiyaandika kama ajira, unaeleza kosa la kituo kana kwamba ni sifa yako.

Mahali pake ni kwenye insha. Insha ya kujieleza ina herufi 5,300, na tangu maombi ya kuingia 2024 kuna sehemu nyingine ya herufi 1,325 kwa ajili ya mazingira na vikwazo vilivyokupata. Humo eleza mara moja tu tukio lenyewe: neno lililokushinda, uso wa mama, ulichofanya baadaye. Mwombe mama ruhusa kwanza, maana ugonjwa ni wake.

Halafu ligeuze kuwa kazi halali. Ukifika miaka 18, mafunzo ya ukalimani wa kitabibu ya saa 40 pamoja na cheti cha sekondari yanakufungulia mlango wa mtihani wa CCHI, tume inayothibitisha wakalimani wa afya, ulio wazi kwa wakalimani wa lugha zote. Wakalimani wa Kiswahili wanahitajika sana kwenye miji yenye familia za Kikongo, kama Louisville na Houston. Kijana anayeweza kusema "nilianza na mama bila kujua ninachofanya, nikasomea, sasa nafanya kliniki kila Ijumaa" ana mnyororo kamili, na ile ya utotoni haihitaji tena kujitetea.

Hatua ya 6: Likizo ya nyumbani na wodi ya mjomba

Hapa nataka unisikilize kwa makini. Unakwenda likizo, ndugu ni daktari au mganga mfawidhi, anakuvalisha koti jeupe, na kwa mapenzi mema anakuambia njoo ushone hapa, choma sindano hii, shika mtoto anatoka. Una miaka 17. Unarudi Marekani ukiamini umepata hazina.

Chama cha vyuo vya udaktari cha Marekani, AAMC, kilitoa miongozo kuhusu hili mwaka 2011: mwanafunzi asifanye nje ya nchi kitu asichoruhusiwa kufanya Marekani kwa kiwango chake cha mafunzo. Ukiandika kwamba ulimshona mgonjwa kabla hujamaliza sekondari, msomaji hataona ushujaa. Ataona mgonjwa maskini aliyetumiwa kujifunzia na mtu asiye na mafunzo, na ataanza kujiuliza kama unajua mipaka yako. Mama yule wa wodini alistahili mtu aliyesomea, kama vile mama yako angestahili.

Kama ulitazama tu, na ukaona kitu kilichobadilisha fikra zako, kwa mfano jinsi muuguzi mmoja anavyogawa usiku wake kati ya vitanda vingi na ndugu wa mgonjwa wanavyolala chini ya kitanda ili wapike uji asubuhi, hilo linaweza kuingia kwenye insha. Nafasi kamili kati ya zile 15 usilipe, isipokuwa umerudi tena ukiwa chuoni. Na kama ulifanya usichopaswa, usikiandike kabisa, na safari ijayo kataa kwa heshima: "Shikamoo mjomba, naomba nitazame tu, chuo hakiniruhusu."

Hatua ya 7: Andika ingizo lenyewe

Tuseme ulianza nyumba ya wazee ukiwa darasa la 12, ukaendelea chuoni. Wengi huandika hivi:

"Nilipokuwa sekondari nilifanya kazi na wazee ambako nilijifunza umuhimu wa huruma na ushirikiano. Uzoefu huu ulinithibitishia kwamba nataka kuwa daktari."

Hapo hakuna mtu, hakuna kazi, na neno la kwanza linamkumbusha msomaji kwamba ulikuwa mtoto. Sasa linganisha:

"Wakazi wanane kwa zamu: kuwageuza, kuwaogesha, kuwalisha, kupima presha, kuandika walichokunywa. Mkazi mmoja mwenye dimenshia alikuwa akikataa kuoga jioni. Niligundua anakubali akipewa kwanza taulo ajifute uso mwenyewe. Nikalisema wakati wa makabidhiano ya zamu, muuguzi akaliingiza kwenye mpango wa kumhudumia. Nilianza wikiendi nikiwa darasa la 12. Tangu mwaka wa kwanza chuoni nafanya usiku mara mbili kwa wiki. Saa 210 ni za kabla ya chuo."

Fomu utaijaza kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huo huo: kazi kwanza, mtu mmoja katikati, sekondari mwishoni na kwa ukweli. Jina la mkazi, namba ya chumba, au jambo lolote litakalomfanya mwanawe amtambue visitokee. Sheria ya siri za wagonjwa ya 1996, HIPAA, uliisomea siku ya kwanza kazini, na msomaji atatazama kama unaikumbuka.

Ile sentensi ya saa 210 wengine watakuambia uiondoe. Mimi naiacha. Jumla ya saa ikiwa kubwa na tarehe ya kuanza ikiwa ya zamani, msomaji atapiga hesabu mwenyewe, na ni heri akute umemtangulia.

Hatua ya 8: Tarehe, saa na mtu wa kuulizwa

Kama uliacha ukarudi, usijaze kana kwamba hukukatisha. AMCAS inaruhusu vipindi hadi vinne kwenye ingizo moja: likizo ya 2021, likizo ya 2022, na kadhalika. Saa ulizokwisha kufanya zinajazwa mbali na zile unazotarajia kufanya.

Kila ingizo linahitaji mtu wa kuulizwa. Hapa ndipo mambo ya sekondari yanapokwama, kwa sababu msimamizi wa wakati ule ameshaondoka. Piga simu ofisi ya wafanyakazi au ya watu wa kujitolea, uliza nani anatunza kumbukumbu za mwaka ule, mwombe ruhusa kutumia jina lake. Ukishindwa kabisa kupata mtu au karatasi inayothibitisha, hiyo ni sababu tosha ya kuliacha ingizo hilo.

Jambo moja ambalo halina hiari

Shughuli za sekondari unaweza kuzichagua. Masomo ya chuo uliyosoma ukiwa sekondari huwezi. Kama kozi yako ya CNA, au anatomia, ilifundishwa na chuo cha jamii na ikakupa krediti za chuo, AMCAS inataka uiorodheshe na chuo kile kitume rekodi ya alama zako. Alama ile inaingia kwenye wastani wako, hata ikiwa ni C uliyoipata ukiwa darasa la 11 ukitoka zamu ya usiku. Kuiacha kunaweza kuchelewesha fomu nzima. Ingia leo kwenye tovuti ya chuo kile, uone kilichoandikwa.

Kwa aliye sekondari sasa hivi

Usitafute kitu cha kuonyesha. Tafuta kazi utakayoweza kuendelea nayo ukihamia chuoni. Siku unayoaga, omba barua yenye tarehe, jumla ya saa, kazi ulizofanya na barua pepe ya ofisi, si ya mtu binafsi peke yake. Ihifadhi pamoja na vyeti vyako vya uhamiaji, mahali ambapo hakuna anayepoteza kitu.

Na kama una cheti cha CNA, tazama kalenda. Miezi 24 mfululizo ikipita bila kazi ya malipo ya uuguzi, unarudi kwenye mtihani upya, au mafunzo na mtihani vyote viwili. Ukienda chuo jimbo lingine, omba kuhamishiwa kwenye daftari la CNA la jimbo lile katika muhula wa kwanza, usingoje hadi mwaka wa tatu. Maombi mengi ya uhamisho hujazwa mtandaoni, na utahitaji namba ya cheti chako na jina likiwa limeandikwa sawasawa na kwenye kitambulisho, jambo ambalo kwa majina yetu matatu linafaa kuhakikiwa mapema.